Kilima Kisicho na Sifa: Somo Kutoka Traprain Law



Somo letu la leo linatupeleka mbali kidogo, hadi Uskoti, nchi inayopakana na Uingereza upande wa kaskazini. Tena hatuendi kwenye kanisa kuu wala kwenye mji wa hija. Tunapanda kilima. Na sio kilima kikubwa. Ni kilima cha mashambani, mita 221 tu juu ya usawa wa bahari, ambacho mtu mwenye mwendo wa kawaida anakimaliza kwa kama nusu saa akitokea barabarani. Kinaitwa Traprain Law.

Utauliza, kilima cha nusu saa kina somo gani? Kinalo, tena zito. Masimulizi ya zamani yanasema kuna msichana mjamzito aliyetupwa kutoka juu yake kwa amri ya baba yake mzazi. Lakini tusikimbilie huko. Tuanze chini, kama anavyoanza kila anayepanda.

1. Kilima chenyewe

Traprain Law iko katika jimbo la East Lothian, mashariki ya jiji la Edinburgh. Mji wa Haddington uko kama kilomita 6 upande wa magharibi, na kijiji cha East Linton kiko karibu zaidi. Ukilitazama eneo lile kutoka mbali unaona mashamba yametandazwa kama mikeka: ngano, shayiri, viazi, na malisho ya kondoo. Ni udongo wenye rutuba kuliko sehemu nyingi za Uskoti. Katikati ya mashamba hayo kinasimama kilima kimoja peke yake, kama nyangumi aliyelala.

Kuhusu jina, usichanganyikiwe. Katika Kiingereza cha shuleni neno Law maana yake ni sheria. Hapa sivyo. Ni neno la zamani la watu wa huko, maana yake kilima, hasa kile kinachosimama peke yake. Likumbuke jambo hili, maana sheria nayo itakuja kujitokeza mbele.

Sasa, Uskoti ni nchi ya watu wanaopenda milima. Mwaka 1891 bwana mmoja anayeitwa Sir Hugh Munro alichapisha orodha ya milima yote ya nchi hiyo yenye urefu wa zaidi ya futi 3,000, yaani kama mita 914. Leo orodha hiyo ina milima 282, na kila mmoja unaitwa Munro kwa heshima yake. Wapo watu wanaotumia miaka mingi ya maisha yao kuipanda yote, mmoja baada ya mwingine, wakiweka alama kwenye orodha.

Traprain Law haifiki hata robo ya urefu huo. Huwezi kurudi nyumbani ukajisifia kwamba umeipanda. Hakuna cheti. Ukiweka picha mtandaoni, rafiki zako watakuuliza mlima wenyewe uko wapi. Kwa hiyo anayepanda kilima kama hiki anabaki na mambo mawili tu: njia yenyewe, na namna anavyopita. Hapo ndipo somo letu linapoanzia. Mahali penye sifa kila mtu anajipanga vizuri. Mahali pasipo na sifa ndipo tabia ya mtu inapoonekana.

2. Kilipataje umbo lake?

Zaidi ya miaka milioni 300 iliyopita, mawe ya moto yaliyoyeyuka yalipanda kutoka ndani ya dunia kuja juu. Lakini hapa hayakutoboa ardhi na kulipuka kama volkano tunazozijua. Yalikwama chini, yakainua tabaka za juu kidogo, kisha yakapoa na kuwa mwamba mgumu, yakiwa bado yamefunikwa. Mtu angepita juu yake asingejua kuna nini.

Kilichokitoa kilima nje ni kuondolewa kwa vitu. Kwa muda mrefu sana mvua, mito na upepo vilikula mawe laini yaliyokizunguka. Baadaye, katika enzi za barafu, barafu nene ilipita juu ya nchi ile na kusugua kila kilicho dhaifu. Mawe laini yakaenda. Ule mwamba mgumu ukabaki umesimama.

Hebu lifikirie hilo wewe ambaye mwaka huu umepoteza kitu: nafasi ya chuo, kazi, rafiki, au mtu uliyedhani mtaoana. Sisemi kwamba kila hasara ina maelezo. Nasema tu kwamba kilima hiki hakikukua kwa kuongezewa. Kilionekana baada ya mengine kuondoka.

3. Kabla ya kupanda: geti la mkulima

Hapa tuwe makini, maana hili ndilo jambo ambalo wageni wengi hawalijui.

Karibu ardhi yote utakayoipita kwenda kwenye vilima vya namna hii ni ya mtu. Ni shamba. Kuna anayeamka alfajiri kwa ajili ya shamba hilo, ana mkopo juu yake, na ana watoto wanaokula kutokana nalo. Lakini Uskoti wana sheria nzuri sana kuhusu jambo hili. Mwaka 2003 bunge lao lilipitisha sheria ya ardhi ambayo, pamoja na mambo mengine, inampa kila mtu haki ya kupita kwa miguu kwenye sehemu kubwa ya ardhi ya nchi, hata ile ya watu binafsi. Huhitaji kuomba kibali. Huhitaji kulipa.

Lakini haki hiyo ina sharti: unayo pale tu unapoitumia kwa uwajibikaji. Mwongozo wa matumizi ya haki hiyo unasimama juu ya mambo matatu: heshimu maslahi ya wengine, tunza mazingira, na beba wajibu wa matendo yako mwenyewe. Yaani ukiteleza usianze kumtafuta mwenye shamba umlaumu.

Kwa vitendo, maana yake ni hii:

- Geti uliache kama ulivyolikuta. Ukilikuta limefungwa, lifunge. Ukilikuta wazi, liache wazi, kwa sababu huenda mkulima ameliacha makusudi ili mifugo ifike kwenye maji. Usijifanye unajua kuliko mwenye shamba.
- Usikanyage mazao. Pita pembeni mwa shamba, hata kama njia ya katikati ni fupi zaidi.
- Ukuta wa mawe usiuparamie. Kuta nyingi za huko zimepangwa jiwe juu ya jiwe bila saruji. Jiwe moja likidondoka, kondoo wanapata njia ya kutokea. Tafuta geti, au zile ngazi fupi za kuvukia uzio.
- Majira ya kuchipua, kuanzia kama Machi hadi Mei, kondoo wanazaa. Usiwasogelee. Kondoo mwenye mimba akikimbizwa anaweza kuharibu mimba. Kama una mbwa, mfunge kamba ya karibu, au mwache nyumbani.
- Usipite katikati ya ng'ombe na ndama wake. Huyo hatakuuliza jina.
- Soma saa. Mwezi Juni jua la huko linazama karibu saa nne usiku. Mwezi Desemba linazama kabla ya saa kumi jioni. Ukitoka mchana wa Desemba ukiwa na mawazo ya Juni, giza litakukuta juu.
- Vaa viatu vyenye meno na beba koti la mvua hata kama kuna jua. Kilima kinachosimama peke yake hakina kizuizi cha upepo.

Unaona? Katika orodha hii yote hakuna jambo hata moja linalohitaji nguvu. Yote yanahitaji kumfikiria mtu ambaye humwoni. Mkulima hayupo pale getini. Hatajua ni nani aliyeliacha wazi. Atakachokiona ni kondoo wake barabarani. Kijana anayefunga geti ambalo hakuna anayemwona akilifunga, huyo tayari anajua upendo wa jirani ni nini, hata kama hajawahi kusimama mbele ya watu kuutolea mafundisho.

4. Njia ya kupanda

Upande wa kaskazini kuna barabara ndogo ya mashambani inayopita chini ya kilima, na hapo ndipo watu wengi wanapoacha magari. Ukivuka kuingia malishoni, unaenda kwa muda ukiwa na mteremko ubavuni, halafu njia inaanza kupanda kwa kukata mshazari. Kuna majani mafupi, mawe yanayochomoza, na vichaka vya miiba ambavyo majira ya kuchipua vinajaa maua ya njano.

Huenda ukakutana na farasi wadogo wa rangi ya kahawia, manyoya mengi, pua nyeupe-nyeupe. Ni farasi wa aina ya Exmoor, waliowekwa pale ili wale majani na kuzuia kilima kisifunikwe na vichaka. Nao wako kazini, usiwape chakula.

Mapafu yatalalamika kidogo, hasa kama wewe ni mtu wa kukaa ofisini au wa kusoma kitandani. Simama. Vuta pumzi. Kilima kidogo kina faida hii: unaweza kusimama bila aibu, maana hakuna unayeshindana naye.

Jambo moja la kuzingatia sana. Kilima hiki kina sura mbili. Upande wa njia kinapandika na mtoto wa shule ya msingi. Upande wa kusini kina majabali yanayokwenda chini wima, ambayo wapanda miamba huyapanda kwa kamba. Na pembe ya kaskazini mashariki imeliwa kabisa: karne ya 20 watu walichimba mawe pale hata kilima kikabaki na jeraha kubwa linaloonekana mpaka leo. Kwa hiyo ukifika juu usiende pembeni kwa ajili ya picha. Nyasi zenye umande na ukingo wa jabali havijali wewe ni mtakatifu kiasi gani.

5. Ukiwa juu

Kama hakuna ukungu, mbele yako kaskazini unauona mkono wa bahari unaoitwa Firth of Forth, na ng'ambo yake nchi ya Fife. Kuna kilima kingine kilichochongoka, North Berwick Law, na karibu nacho baharini kuna mwamba mkubwa uitwao Bass Rock, ambao majira ya joto unakuwa mweupe kwa wingi wa ndege wa baharini. Kusini kuna safu ya vilima vya Lammermuir. Magharibi, ng'ambo ya mashamba, kuna vilima vya Edinburgh. Na chini kabisa, karibu na mto, kuna magofu ya ngome ya Hailes.

Mahali unaposimama palikuwa mji. Juu ya kilima hiki watu walikaa kwa karne nyingi, wakazungushia kuta ambazo mabaki yake bado unayaona kama matuta na mistari ya mawe. Wakati mji ulipokuwa mkubwa kabisa, eneo lake lilifika karibu hekta 16. Warumi waliwaita watu wa sehemu hii Votadini. Dola ya Kirumi ilijenga ukuta wake maarufu kusini zaidi ya hapa, na watu hawa wakaishi nje ya mpaka, wakifanya biashara na mapatano na wale wenye nguvu.

Mwaka 1919, wachimbaji wa mambo ya kale walikuta shimoni juu ya kilima hiki hazina ya fedha ya Kirumi, zaidi ya kilo 20. Hapa nasema fedha ile ya madini, yenye kung'aa. Ilikuwa imezikwa pale katika karne ya 5. Leo imehifadhiwa katika makumbusho ya taifa jijini Edinburgh.

Vitu vingi katika hazina ile vilikuwa vimekatwakatwa. Sahani nzuri za karamu zimekatwa vipande, vikombe vimekunjwa na kupondwa. Waliokuwa nazo hawakuhitaji sahani, walihitaji uzito. Kipande cha fedha kilikuwa malipo. Na kati ya vitu hivyo vilikuwepo vyenye alama za Kikristo, pamoja na chupa moja iliyochongwa picha za Adamu na Eva, na za Mamajusi wakimletea Mtoto zawadi.

Fikiria mkono uliotengeneza chupa ile. Mtu alikaa akachonga sura ya Bikira Maria na Mtoto, polepole, kwa imani. Halafu ikaja siku ambayo kitu kile kikawekwa kwenye rundo la vipande, na swali likawa moja tu: kina uzito gani? Hiyo ni hatari kubwa, ndugu zangu, na haiishii kwenye fedha. Hata mtu anaweza kuwekwa kwenye mizani namna hiyo, akaulizwa ana faida gani, analeta aibu kiasi gani. Na hapo tunafika kwa Teneu.

6. Teneu

Habari za Teneu tunazipata katika maandiko ya karne ya 12, yaani mamia ya miaka baada ya matukio yenyewe. Mmoja wa walioandika ni Jocelin, mmonaki wa Furness. Kwa hiyo tuyasome kama simulizi takatifu la kale, sio kama taarifa ya polisi. Lakini watu hawatunzi simulizi kwa miaka mia sita bila sababu.

Wanasema Teneu alikuwa binti wa mfalme wa nchi hii, ambaye mapokeo humwita Loth. Msichana akaonekana ana mimba. Juu ya namna alivyoipata, masimulizi yanatofautiana. Lile la zamani zaidi, ambalo limebaki sehemu tu, linasema mwanamume alimwendea kwa hila na kumlazimisha. Yaani alibakwa.

Na hapa ndipo sheria inapoingia. Jocelin anaandika kwamba watu wale walikuwa na sheria: binti akipata mimba nyumbani kwa baba yake, atupwe kutoka mlima mrefu. Mfalme akaishika sheria yake. Wakampeleka juu ya kilima hiki, wakamtupa.

Tuliza moyo hapo kidogo. Sio majambazi waliomtupa. Ni nyumbani kwao. Ni baba, ni wazee, ni watu waliojiona wanalinda heshima. Kila mmoja wao angeweza kusema: mimi nimefuata sheria tu.

Simulizi linasema hakufa. Alifika chini mzima. Badala ya kushangaa na kutubu, wakasema ni uchawi. Wakamweka katika mtumbwi mdogo wa ngozi, wakamsukuma baharini peke yake, kwenye ule mkono wa bahari unaouona ukiwa juu ya Traprain Law. Maji yakampeleka nje kuelekea kisiwa cha May, kisha yakamrudisha ndani, usiku kucha, mpaka akatua pwani ya Culross, ng'ambo ya pili.

Pale ufukweni akakuta mabaki ya moto yaliyoachwa na wachungaji. Akauchochea, akajifungulia hapo. Asubuhi wachungaji wakamkuta. Hawakuwa na sheria yoyote ya kumsomea. Wakampa joto na chakula, kisha wakaenda kumwita padri mzee wa pale, Mtakatifu Serf. Naye akampokea mama na mtoto, akawabatiza, akamlea yule mvulana kama mwanae.

Mtoto huyo ni Mtakatifu Kentigern. Serf alimwita kwa jina la mapenzi, Mungo, maana yake mpendwa. (Msije mkalisoma vibaya, ni Mungo, sio Mungu!) Alikuja kuwa mtume wa sehemu ile ya Uskoti, na jiji la Glasgow linamhesabu kuwa mwanzilishi na msimamizi wake. Sikukuu yake ni 13 Januari. Mama yake naye anaheshimiwa kama mtakatifu, na sikukuu yake ni 18 Julai. Katikati ya Glasgow kuna uwanja na kituo cha treni ya chini ya ardhi kinachoitwa St Enoch. Watu wengi wanadhani ni yule Henoko wa Agano la Kale. Kumbe ni Teneu, jina lake limepindishwa na midomo ya watu kwa karne nyingi. Kila siku watu wanashuka na kupanda kwa jina la msichana aliyetupwa, bila kujua.

7. Kilele na ufuko

Sasa tuyaweke pamoja. Katika simulizi hili kuna sehemu mbili. Juu kileleni kuna mfalme, ana mamlaka, ana sheria, ana mtazamo wa nchi nzima. Chini ufukweni kuna wachungaji, hawana kitu ila moto na chakula kidogo. Mwenye kuona mbali hakumwona binti aliyesimama mbele yake. Waliokuwa chini walimwona.

Sio mara ya kwanza wachungaji kufika mapema mahali penye mama kijana na mtoto aliyezaliwa pasipo na nafasi. Unalijua simulizi lile, tunaliimba kila Krismasi.

Hebu tulilete jambo hili kwetu. Katika jumuiya yako, katika kwaya, katika darasa, yupo au atakuwepo msichana atakayeonekana ana mimba. Siku hiyo kutakuwa na kilele na kutakuwa na ufuko. Kilele kitakuwa kundi la WhatsApp. Kitakuwa kikao ambacho msichana anaondolewa kwenye uongozi, na yule kijana wa kiume anaendelea kupiga kinanda kama kawaida. Hakuna atakayedhani anamsukuma mtu. Kila mmoja atasukuma kidogo tu, kwa kidole kimoja, kwa ujumbe mmoja alioupokea akaupeleka kwa wengine.

Na ufuko utakuwa nini? Utakuwa mtu mmoja aliyempigia simu na kumuuliza: umekula? Mtu aliyekwenda naye kliniki. Mtu aliyesema mbele ya wenzake, jamani, tumwache apumue. Na kama alidhulumiwa, ni mtu aliyemsikiliza bila kumkatiza, akamsindikiza kwa mtu mzima wa kuaminika na kwenye vyombo vya sheria, maana kumpenda aliyeumizwa ni pamoja na kutomficha aliyeumiza.

Kanisa linatufundisha usafi wa moyo, na fundisho hilo halibadiliki. Lakini Mtakatifu Serf alipoitwa ufukweni alipokea kwanza. Kama angeanza na mahojiano, huenda mtoto angekufa kwa baridi, na Glasgow isingempata mtume wake.

8. Kushuka

Wakati wa kushuka, magoti ndiyo yanayofanya kazi. Enda polepole, weka mguu mzima chini, usikimbie hata kama mteremko unakuvuta. Watu wengi huteleza wakati wa kushuka, wakiwa wameshaanza kuwaza chai. Fuata njia ile ile uliyopandia, wapite farasi kwa utulivu, fika getini. Ulilikuta limefungwa? Lifunge. Hakikisha komeo limeingia. Vuta mara moja kuthibitisha.

Hilo geti ndilo zoezi letu. Huenda hutafika Uskoti kamwe, na hakuna ubaya. Lakini wiki hii utapita katika maisha ya watu wengine, kwenye ardhi ambayo sio yako: utaingia katika habari za rafiki, katika siri za familia, katika machozi ya mtu. Una haki ya kupita pale tu unapopita kwa uwajibikaji.

Maswali ya kujitafakari (peke yako au katika kikundi)

1. Ni jambo gani jema unalolifanya ambalo hakuna anayelihesabu? Ni jambo gani uliloliacha kwa sababu halina sifa?
2. Je, kuna mtu ambaye umempima kwa uzito wake tu, kwa faida au kwa aibu anayoleta?
3. Katika kikundi chenu cha vijana, binti akipata mimba leo, nini kitatokea? Na yule mvulana je? Semeni ukweli, msiseme kinachopendeza.
4. Nani unayemfahamu ambaye yuko kwenye mtumbwi sasa hivi, amesukumwa mbali na watu wake? Unaweza kumwashia moto gani kabla ya Jumapili?

Sala fupi

Ee Mungu mwema, uliyemlinda Teneu alipotupwa na watu wa nyumba yake, walinde mabinti wote wanaopita katika giza hilo leo. Utupe macho ya kumwona aliye mbele yetu, na mikono ya wale wachungaji wa ufukweni. Kwa Kristo Bwana wetu. Amina.

Mtakatifu Teneu, utuombee. Mtakatifu Kentigern, utuombee.

Jibuni swali la nne kwa matendo, sio kwenye maoni. Tukutane somo lijalo, na tuzidi kuombeana.